Mgombea Kaja Kuomba Dola Tano

Nilikuwa nasonga ugali mlango ulipogongwa. Ilikuwa mwezi wa nne, 2022, wakati ambao watu wa Maine, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Marekani ninakoishi, wanauita msimu wa tope: theluji imeyeyuka juu, chini ardhi bado ni barafu, maji hayana pa kwenda, na kila barabara isiyo na lami inageuka jaruba la mpunga. Nikafungua mwiko ungali mkononi. Mlangoni kasimama mzee wa Kizungu, buti zimezama kwenye tope hadi vifundoni, kibao cha kuandikia kwapani. Akajitambulisha. Mwalimu mstaafu, anafuga nyuki, anagombea kiti katika Baraza la Wawakilishi la jimbo. Nikasubiri fulana. Nikasubiri kofia, au walau kalenda. Mzee akakohoa kidogo, akasema kwamba kama niko radhi, anaomba dola tano.

Mimi ni mtoto wa Korogwe. Nimekua na takrima. Kwa msomaji mdogo ambaye hakuikuta: zamani sheria yetu ya uchaguzi ilimruhusu mgombea "kuwakirimu" wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipokifuta kifungu hicho mwaka 2006. Kifungu kilifutwa, kanga, chumvi na pilau vilikuwa na maoni yao. Kwa hiyo nilijua mgombea ni mtu anayekuja na kitu. Huyu alikuja mikono mitupu na alitaka kuondoka na changu.

Alipoona nimeduwaa, akanieleza. Wananchi wa Maine walipiga kura ya maoni mwaka 1996 wakaanzisha mfuko wa umma wa kampeni, ulioanza kutumika katika uchaguzi wa 2000. Mgombea wa Baraza la Wawakilishi anayetaka fedha za mfuko huo lazima kwanza aonyeshe kwamba kuna watu wanaomtaka: awapate wapiga kura 60 wa eneo lake, kila mmoja atoe dola tano. Wa Seneti anahitaji watu 175. Dola hizo haziingii mfukoni mwake, zinakwenda kwenye mfuko wenyewe, na akishakubaliwa haruhusiwi tena kupokea michango ya matajiri. Siku ya mwisho ilikuwa imebaki wiki moja na ushei, naye alikuwa bado anatafuta watu kumi na mmoja.

Nilimpa. Sikumpa kwa sababu ya sera, nilimpa kwa sababu ya buti zile. Lakini kabla hajaondoka nikamwonyesha shimo lililokuwa mbele ya nyumba yetu, la kumeza tairi la gari dogo. Akalitazama kwa heshima, kama mtu anayetazama kaburi. Akasema barabara ile ni ya halmashauri ya mji, jimbo halihusiki nayo. Hata hivyo akaandika.

Kesho yake kazini Lewiston, hospitalini ninakofanya ukalimani, nikamsimulia mama mmoja wa Uvira, Kongo. Aliweka kikombe chake cha chai chini. "Ndugu, sasa weye ndiye unamupatia? Kwetu yeye ndiye anapashwa kukupatia!" Akacheka hadi akafuta machozi.

Kuna tatizo la lugha hapa, nilimalize mapema. Kiswahili chetu kinaita Maine jimbo, na Korogwe Mjini nayo jimbo. Nikisema "mbunge wa jimbo" sijui umeelewa nini. Basi humu jimbo ni Maine nzima, na sehemu inayomchagua mtu mmoja nitaiita eneo. "Baraza la Wawakilishi" Wazanzibari wanalo lao, kwa hiyo jina si geni. La Maine lina viti 151, na Seneti ina 35. Wote wanachaguliwa kila baada ya miaka miwili, siku ileile moja.

Sasa gawanya. Sensa ya 2020 ilikuta Maine ina watu milioni 1.36, na zaidi ya nusu yao wanaishi vijijini. Jimbo la Vermont peke yake ndilo linalowazidi kwa uvijijini Marekani nzima. Portland, mji wao mkubwa kuliko yote, haufikishi watu 70,000. Gawanya kwa viti 151, kila mjumbe anapata watu 9,000 hivi. Kwetu, sensa ya 2022 ilitoa milioni 61.7 na uchaguzi wa 2020 ulikuwa na majimbo 264: kila mbunge watu 230,000 na ushei. Zipo kata nyingi Tanzania ambazo diwani wake ana watu wengi kuliko huyu mheshimiwa wa Augusta, makao makuu ya Maine. Na katika hao 9,000, ukitoa watoto na wasiojali, wanaopiga kura ni elfu nne, elfu tano. Mtu mwenye buti nzuri anaweza kuwafikia wote.

Ndiyo maana wanagonga. Wasipokukuta wanaacha kipeperushi chenye picha ya familia na mbwa, na pembeni wameandika kwa kalamu: samahani sikukukuta. Mwanzoni nilidhani maandishi yamechapwa. Nikalowesha kidole nikasugua, wino ukatoka.

Tarehe 8 Novemba 2022 nilipiga kura yangu ya kwanza Marekani, kwenye ukumbi wa mji wenye harufu ya kahawa na soksi zilizolowa. Ni msimu wa kuwinda paa, na sheria inamtaka mwindaji avae rangi ya chungwa kali asije akapigwa risasi na mwenzake, kwa hiyo nusu ya foleni iling'aa kama machungwa ya Muheza. Mlangoni kamati ya wazazi wa shule inauza keki. Keki moja ya duara, nyeusi, imebanwa mbili-mbili na krimu katikati. Bunge lao liliipa hadhi rasmi kwa sheria mwaka 2011, wakati pai ya matunda ya bluu ikipewa ya kwake. Nilinunua. Hiyo ndiyo takrima pekee niliyoiona siku ile, na nililipia mwenyewe.

Mezani unataja jina lako. Hawakuombi kitambulisho ikiwa umeshaandikishwa. Badala yake sheria inamtaka karani alirudie jina lako kwa sauti kubwa na ya wazi, ili kila aliyepo ndani, na mawakala wa vyama waliokaa nyuma ya kizuizi, wasikie nani anapiga kura. Kwa mtu aitwaye John Smith hilo ni jambo la sekunde. Jina langu lina herufi tatu ambazo Kiingereza hakijawahi kuzikutanisha. Yule mama karani alivuta pumzi, akalipasua katikati, akalitupa nusu ukumbini, akatafuna nusu iliyobaki. Watu wa machungwa wakageuka. Nimezoea kulitamka jina langu kwa unyonge nchi hii ili nisisumbue watu, na hapa lilikuwa linapigiwa mbiu. Sikujua nicheke au nisimame wima.

Karatasi ya kura nayo ilikuwa na kituko chake. Kwa kiti cha Bunge la Marekani kuna jedwali: unamweka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kama hakuna aliyepita nusu wanamtoa wa mwisho na kuhamisha kura zake. Wananchi waliupitisha utaratibu huo mwaka 2016. Ukishuka kwenye kiti cha Baraza la Wawakilishi la jimbo, jedwali halipo. Unatia wino duara moja tu. Mahakama Kuu ya Maine ilitoa maoni mwaka 2017 kwamba kwa viti vya jimbo katiba inasema mshindi ni aliyezidi wenzake, basi, hata asipofika nusu. Kwa hiyo karatasi moja, mkono mmoja, hesabu mbili tofauti. Nilipomaliza nikanyoosha kidole cha shahada. Mlinzi wa sanduku akakitazama, nami nikakitazama. Wino haupo. Akanipa stika.

Mzee wa nyuki alishindwa kwa kura zisizofika mia mbili.

Nilihuzunika kidogo, kisha nikafanya kile ambacho Mtanzania yeyote angefanya: nikauliza kama zimeibwa. Nilimuuliza jirani yangu, mvuvi mstaafu wa kamba. Hakukasirika. Akaniuliza kama najua kisa cha Long Island. Sikukijua. Nimekisoma tangu hapo mara nyingi kuliko inavyofaa, na ndicho hasa kilichonifanya niandike makala hii, buti zile zilikuwa utangulizi tu.

Long Island ni kisiwa katika ghuba ya Casco. Kilikuwa sehemu ya Portland hadi mwaka 1993, kilipojitenga na kuwa mji wake. Wakazi wa mwaka mzima ni mia mbili na kitu. Novemba 2014 walipiga kura pamoja na miji kadhaa ya bara kumchagua seneta wa eneo namba 25. Usiku ule mgombea wa Democratic, Cathy Breen, alitangazwa kumzidi Cathleen Manchester wa Republican kwa kura 32. Tofauti ndogo namna hiyo, mshindwa anaomba zihesabiwe upya. Masanduku yakapelekwa Augusta, kura zikahesabiwa kwa mkono, watu wa vyama vyote viwili wakiwa pale. Mwisho wa siku Manchester ndiye aliyeongoza, kwa kura 11.

Ndani ya badiliko lile kulikuwa na jambo la ajabu. Daftari la kisiwani lilionyesha watu 171 walipiga kura. Karatasi zilizohesabiwa Augusta zilikuwa 192. Karatasi 21 zimezidi, na zote 21 ni za Manchester.

Msomaji wa nyumbani hahitaji maelezo zaidi. Sisi tuna jina la kitu hicho: bao la mkono. Kura zimezidi watu, zote za upande mmoja, na upande huo ndio wenye wingi katika Seneti, ambayo kikatiba ndiyo inayoamua nani ni mjumbe wake halali. Kesi ya kima kula shamba la mahindi, hakimu ngedere. Na kweli, Desemba Seneti ilimpa Manchester kiti kwa muda. Magazeti ya Maine yaliandika kuhusu kura hizo za ajabu, watu wa kisiwani wakawa wanatazamwa kama wezi, kisiwa ambacho kila mtu anajua mbwa wa kila mtu.

Kamati ya maseneta ikakaa tarehe 9 Desemba, mchana kweupe, mlango wazi. Wakaletewa sanduku la Long Island lenye kufuli na lakiri. Wakalifungua mbele ya kila mtu na kuhesabu karatasi.

Zilikuwa 171.

Hakukuwa na karatasi hata moja ya ziada. Kura 21 hazikuongezwa na mtu, hazikuwahi kuwapo. Wakati wa kuhesabu upya karatasi zilipangwa mafungu-mafungu, na fungu moja dogo, la karatasi 21, lilihesabiwa, likawekwa, kisha likachukuliwa na kuhesabiwa tena. Ndiyo siri yote. Watu wazima waliochoka, meza iliyojaa, fungu limesogezwa kushoto badala ya kulia. Manchester akaachia kiti. Breen akaapishwa. Chama chenye wingi kilipoteza kiti kwa sababu kilikubali kufungua sanduku.

Nilipokisoma mara ya kwanza kisa hiki, sikufikiria kuhusu uaminifu wa Wazungu. Nilifikiria kuhusu kufuli. Nyumbani nimeshiriki mabishano mangapi ya kura, usiku kucha, kahawa na kashata, bila hata mmoja wetu kuwa na uwezo wa kusema: haya, lileteni sanduku tuhesabu? Tunabishana kuhusu watu, fulani mwizi, fulani kauza, kwa sababu karatasi hatuwezi kuzishika tena. Yule mvuvi hakuniambia "sisi hatuibi." Aliniambia "nenda kahesabu."

Na asingeweza kuniambia hawaibi, maana historia ingemsuta. Mwaka 1992, msaidizi wa spika wa Baraza la Wawakilishi alichezea karatasi za kura zilizokuwa zinasubiri kuhesabiwa upya, za viti viwili, na baadaye akakiri. Spika mwenyewe, John Martin, alikuwa ameshika nafasi hiyo tangu 1975. Wananchi walichoka. Mwaka uliofuata walipiga kura, kama theluthi mbili wakaunga mkono, kwamba mjumbe asikae zaidi ya vipindi vinne mfululizo. Miaka minane, pisha. 

Ukirudi nyuma zaidi, ndiyo kabisa. Baada ya uchaguzi wa Bunge la jimbo wa 1879, gavana Alonzo Garcelon na baraza lake walipitia matokeo yaliyoletwa kutoka mijini, na kila walipokuta jina limekosewa, herufi ya kwanza ya jina la kati imeachwa, wakayatupa. Kwa bahati nzuri, kama unavyoweza kukisia, makosa ya herufi yaliwapenda sana wapinzani wake. Aliyekumbuka uchaguzi wetu wa serikali za mitaa wa 2019, na wagombea wa upinzani walioenguliwa kwa wingi kwa madai ya "kutojua kujaza fomu", atajua mbinu hii haina kabila. Maine ikajikuta na makundi mawili, kila moja likidai ndilo Bunge, na watu wenye silaha wakiingia Augusta. Januari 1880 Joshua Chamberlain, shujaa wa pambano la Gettysburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na gavana wa zamani, ndiye aliyekuwa kamanda wa wanamgambo wa jimbo. Alikaa katika jengo la Bunge siku kumi na mbili, akitukanwa na pande zote na kutishiwa kuuawa, akikataa kumtambua yeyote hadi Mahakama Kuu itamke. Mahakama ikatamka dhidi ya waliotupa matokeo. Chamberlain akafunga virago akarudi nyumbani, na chama chake mwenyewe hakikumsamehe.

Mtu atasema, mbona kelele zote hizi kwa Bunge dogo la jimbo la mbali, ambalo wajumbe wake mchana ni wakulima wa viazi, walimu na wavuvi, na mshahara wake hauwezi kulisha familia? Jibu moja ni kwamba Bunge hilo ndilo linalomchagua katibu wa jimbo, msimamizi wa uchaguzi wote. Wananchi hawamchagui moja kwa moja. Aliyechaguliwa hivyo mwishoni mwa 2020, Shenna Bellows, ndiye aliyeamua Desemba 2023 kwamba Donald Trump asiwemo kwenye karatasi ya kura za mchujo za Maine, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoutengua uamuzi wa namna hiyo miezi michache baadaye. Dunia nzima ikamjua. Lakini mlolongo wake unaanzia kwenye viti vya watu 9,000, kwa wazee wenye buti.

Wapo pia wanaokaa katika Baraza hilo bila kura. Tangu karne ya 19 mataifa ya wenyeji asilia yana viti humo: wanasema, wanapeleka miswada, kura ikipigwa wanatazama. Mwaka 2015 Wapenobscot na Wapassamaquoddy waliwaondoa wawakilishi wao wakatoka nje kwa pamoja. Wapassamaquoddy walirudi baadaye. Kuna siku nilimweleza mama wa Uvira habari hiyo nikidhani atashangaa. Hakushangaa. Alisema kiti cha kusikiliza anakijua vizuri.

Yeye mwenyewe, mwaka ule wa 2022, hakuwa na uraia bado. Lakini alikuwa anafuatilia Lewiston kuliko mimi. Mji ule ulijengwa na viwanda vya nguo na vibarua wa Kifaransa kutoka Canada, ambao wajukuu wao wanakumbuka bibi zao wakichapwa shuleni kwa kusema Kifaransa. Wasomali walianza kuja 2001. Mwaka uliofuata meya aliwaandikia barua ya wazi akiwaomba wapunguze kuja. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, na Wasomali Wabantu wanaosema Kiswahili cha kambini. Usiku ule Novemba, Mana Abdi alichaguliwa kutoka Lewiston na Deqa Dhalac kutoka South Portland, wanawake wa kwanza wenye asili ya Somalia katika Bunge la Maine. Mama wa Uvira alinipigia saa tano usiku. Si wa kabila lake, si wa nchi yake, hakuwapigia kura. "Ndugu, majina yao walisoma vizuri?" ndilo swali alilouliza.

Oktoba 2023 mtu mmoja aliua watu 18 Lewiston kwa bunduki, na hospitali yetu haikulala. Sitaki kuandika zaidi kuhusu usiku ule. Bunge likapitisha mwaka uliofuata sheria kwamba anayenunua bunduki asubiri saa 72 kabla hajakabidhiwa. Katika jimbo ambalo mtu anakwenda kupiga kura akiwa na nguo za kuwindia, hilo si jambo dogo, na lilifuatana na kila mgombea hadi mlangoni.

Mwezi wa nne, 2024, tope lilelile. Mlango ukagongwa. Nilimtambua kwa buti kabla ya uso. Kanyauka kidogo, kibao cha kuandikia ni kipya. Safari hii tulikaa ndani, tukazungumza kuhusu bunduki karibu saa nzima, na hatukukubaliana kwa mengi. Alikunywa chai ya tangawizi, akauliza kuna nini ndani, akaongeza asali aliyokuja nayo kwenye kichupa. Nilikuwa nimeiweka noti ya dola tano chini ya bakuli la sukari tangu wiki iliyopita. Akanipa fomu nitie saini. Alipofika kwenye jina langu alijaribu, akakwama palepale alipokwama yule mama wa ukumbini, akajaribu tena.

Mlangoni akasimama akavaa kofia, akatazama barabarani.

"Lile shimo?"

"Lipo."

Akatoa kalamu.